Jinsi ya kupanga makaratasi ya intavyuu ya viza ya mume au mke, ubalozi wa Marekani Nairobi

Kama mumeo au mkeo ni raia wa Marekani au ana grini kadi, na yale maombi ya I-130 (fomu ambayo mwenzako anakuombea nayo) yashakubaliwa, basi kilichobaki huku kwetu ni makaratasi, daktari, na siku yenyewe ya kusimama kwa dirisha pale Gigiri. Watu wengi wanalala macho wakiwaza konsula (afisa wa ubalozi anayekuhoji) ataniuliza nini, ataniuliza nini, lakini ukweli ni kwamba maswali mengi magumu yanazaliwa na karatasi. Jina limekosewa herufi moja, tarehe ya harusi kwenye fomu si ile ya kwenye cheti, ulifanya kazi Dubai miaka mitatu na hakuna karatasi ya polisi ya huko. Konsula ana faili lako mbele yake, kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhakikisha kila karatasi inasema sawa na mwenzake na zote zinasema kile utakachosema wewe kwa mdomo wako. Ukilishika hilo mengine yote yanafuata.

Kabla ya kutumia hata shilingi, ingia travel.state.gov uangalie kama kuna tangazo lolote linalogusa uraia wako. Tangu Juni 2025 Rais wa Marekani ametoa matangazo ya kuzuia au kupunguza viza kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwemo za huku Afrika, na orodha imekuwa ikibadilika, kwa hiyo usitegemee kile ulichoambiwa na jirani mwaka jana. Hili nasema hasa kwa ndugu zetu wa Kisomali ambao intavyuu zao zinafanyiwa Nairobi, na kwa yeyote anayeishi Kenya lakini paspoti yake ni ya nchi nyingine.

Hatua ya kwanza: majina na tarehe

Chukua karatasi moja safi, chora mistari, andika juu: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, paspoti, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, I-130, DS-260 (fomu ya viza unayojaza mtandaoni). Chini yake nakili jina lako vile vile lilivyoandikwa kwenye kila moja, herufi kwa herufi, halafu tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama. Usinakili kwa kichwa, nakili ukiangalia. Hapo ndo utaona mambo. Tuseme cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha, kitambulisho Mwanaesha, paspoti Mwana Aisha, na kwenye I-130 mumeo kaandika Aisha peke yake kwa sababu ndivyo anavyokuita nyumbani. Kwa sisi huyo ni mtu mmoja, hakuna anayeuliza, lakini kwa mtu asiyekujua hao ni watu wanne.

Tofauti ndogo ya herufi mara nyingi inatosha kiapo kwa wakili kwamba majina hayo yote ni yako. Ikiwa jina limebadilika kabisa, kwa mfano ulisilimu ukabadilisha jina au uliacha jina la baba, itabidi ubadilishe kisheria kwa didi poli, na karatasi yake uiweke faili. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa chenyewe, anza marekebisho kwa msajili mapema sana kwa sababu hiyo haiishi kwa wiki moja. Na kwenye DS-260 kuna sehemu inauliza majina mengine uliyowahi kutumia, yaweke yote hapo, hata la ndoa ya kwanza, hata lile la shule. Kuyataja hakukuharibii chochote, kuyaficha ndo kunaleta shaka.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, kama ulisajiliwa ukiwa mtu mzima (na pwani huku tuko wengi, mtu anatafuta cheti siku anapotaka paspoti) jua kwamba cheti peke yake kinaweza kuonekana dhaifu. Tafuta vitu vya zamani vya kukiunga mkono: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la nane, rekodi ya shule ya msingi. Karatasi iliyotengenezwa zamani, kabla hujawaza viza, ina uzito kuliko kiapo cha juzi.

Hatua ya pili: cheti cha ndoa

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndoa yako inaweza kuwa yoyote kati ya hizo, ila lazima iwe na cheti kilichosajiliwa. Kama mlifunga kanisani hakikisha mchungaji alipeleka nakala kwa msajili, wengine hukaa nazo ofisini mwaka mzima. Kama ni nikaha, cheti cha kadhi au cha naibu aliyeandikishwa, na kisome vizuri kwa sababu vingi vinaandikwa kwa mkono na saa nyingine 1 inaonekana kama 7. Ndoa ya kimila nayo inasajiliwa, tangu Agosti 2017, kwa hiyo picha za ruracio au za kulipa mahari hazitoshi peke yake, nenda ukasajili kupitia eCitizen. Kiapo cha wakili kwamba mnaishi kama mume na mke si cheti cha ndoa, tafadhali usipoteze miezi na hiyo.

Mlifunga Tanzania? Hapo cheti kinaweza kuwa cha Kiswahili. Kanuni ya intavyuu ni kwamba karatasi iwe kwa Kiingereza au kwa lugha rasmi ya nchi unayofanyia intavyuu, ila ile I-130 ilipopelekwa USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) ilitakiwa iende na tafsiri kamili ya Kiingereza. Kwa hiyo mimi nashauri tafsiri kila kitu tu. Mtafsiri anaandika chini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazijua lugha zote mbili, anaweka jina, sahihi na tarehe. Unabana tafsiri pamoja na orijino kwa klipu, imekwisha.

Hatua ya tatu: ndoa za nyuma

Hapa naomba usome polepole kwa sababu hapa ndo watu wengi wanaumia na wangeweza kujiepusha.

Kila ndoa iliyowahi kuwepo, ya kwako na ya mwenzako, lazima ionyeshwe imeisha kabla hii yenu haijafungwa. Mwisho wa ndoa ni karatasi: hukumu ya mwisho ya mahakama, cheti cha talaka cha kadhi, au cheti cha kifo. Kwa talaka ya mahakama ya Kenya kuna amri ya kwanza ya muda halafu ile ya mwisho inayokata kabisa, na mtu anakuja na ile ya kwanza akidhani amemaliza. Angalia tarehe ya ile ya mwisho. Kama ulifunga ndoa mpya tarehe 10 Machi na talaka ikakamilika tarehe 2 Aprili, hiyo ndoa mpya ina tatizo la kisheria, na afadhali uongee na wakili wa uhamiaji kabla ya intavyuu kuliko konsula akuonyeshe yeye.

Kwa Waislamu, talaka ya mdomo inaweza kuwa imetimia kidini na kila mtu mtaani anajua, lakini kwa ubalozi kama haijaandikwa kwa kadhi haipo. Nenda ukaisajili. Na kuhusu wake wengi niseme wazi: hapa kwetu ndoa ya Kiislamu na ya kimila inaruhusu, Marekani hairuhusu. Mtu anayekwenda kule kuishi na wake zaidi ya mmoja anazuiwa kupata viza, na kwa uhamiaji wanaitambua ndoa ya kwanza, kwa hiyo mke wa pili hawezi kuletwa kama mke maadamu ile ya kwanza bado ipo. Usiandike "sijawahi kuoa" kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ya kimila na haina cheti. Uongo mbele ya konsula kwa jambo la maana unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote, wakati ukweli mchungu mara nyingi una njia ya kutatuliwa.

Hatua ya nne: cheti cha tabia njema

Kila mwenye miaka 16 kwenda juu anatakiwa kuwa nacho. Cha Kenya unaomba kwa eCitizen chini ya DCI (idara ya upelelezi ya polisi), unalipa shilingi 1,050, unaprinti fomu ya C24 pande zote mbili za karatasi moja, halafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole, iwe makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu au kwenye Huduma Centre zinazofanya kazi hiyo. Nawa mikono vizuri kabla, na kama ndo umetoka kupakwa hina au umekuwa ukishika simenti, subiri vidole vitulie kwanza, maana alama zikitoka hafifu utaitwa tena.

Sasa, hii si ya Kenya tu. Nchi yoyote uliyokaa mwaka mmoja au zaidi baada ya kufikisha miaka 16, unatakiwa kuleta cheti cha polisi cha huko, na mahali popote ulipowahi kukamatwa hata kama ulikaa wiki moja. Wale mliofanya kazi Oman, Qatar, Saudia, Emirati, hili linawahusu moja kwa moja. Kila nchi ina utaratibu wake, nyingine zinataka alama za vidole zipigwe hapa Nairobi zipitie ubalozi wao kwanza, nyingine zinataka namba ya kitambulisho chako cha zamani cha mkaazi. Kwa hiyo tafuta ile paspoti ya zamani yenye viza ya kazi, usiitupe kamwe, na kama bado una kopi ya kitambulisho cha ukaazi iskani leo. Utaratibu wa kila nchi umeandikwa kwenye travel.state.gov, sehemu ya nyaraka nchi kwa nchi, na hapo hapo utaona kama kuna nchi ambayo cheti chake hakipatikani kwa aliyeshaondoka. Cha Marekani hakihitajiki hata kama uliwahi kuishi huko.

Anza na hii kabla ya kitu kingine chochote. Cheti cha ndoa unaweza kupata kopi haraka, polisi wa nchi nyingine hana haraka na wewe.

Watoto

Kuna jambo moja watu hawaambiwi. Kama mwenzako ni raia wa Marekani, watoto wako hawaingii ndani ya maombi yako. Kila mtoto anataka I-130 yake peke yake. Kama mwenzako ana grini kadi tu, hapo watoto wanaweza kukufuata kwenye kesi yako. Nimeona mama anafika karibu kabisa na intavyuu akidhani watoto wamo, na hawamo, na inabidi achague kutangulia au kusubiri, jambo linalovunja moyo kweli. Mtoto wa kambo anahesabika ikiwa ndoa yenu ilifungwa kabla hajafikisha miaka 18.

Kwa kila mtoto: cheti cha kuzaliwa, paspoti, na kama mzazi mwenzio wa zamani yupo, karatasi ya ridhaa yake au amri ya mahakama inayokupa malezi. Konsula akiwa na shaka kuhusu uzazi anaweza kupendekeza DNA. Usikimbilie maabara ya mtaani, vipimo vinavyokubalika vinaanzia kwenye maabara za Marekani zenye kibali cha AABB na sampuli zinachukuliwa kwa utaratibu wa ubalozi wenyewe.

Hela ya sponsa (mdhamini), yaani fomu ya I-864

Hii ni kazi ya mwenzako kule, lakini wewe ndo utakayesimama dirishani ikiwa na kasoro kwa hiyo ijue. Kipato chake kinatakiwa kufika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani kulingana na idadi ya watu wa nyumba yake. Kwa viwango vya 2025 nyumba ya watu wawili ilikuwa dola 26,437 kwa mwaka, na viwango hubadilika kila mwaka kwa hiyo aangalie fomu ya I-864P ya sasa. Kwenye kuhesabu anajihesabu yeye, wewe, watoto wanaomtegemea, na mtu yeyote ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumdhamini huko nyuma na dhamana hiyo bado haijaisha. Hapo ndo wengi wanakosea, anasahau yule mtoto wa ndoa ya kwanza.

Akutumie transkripti ya kodi ya mwaka wa karibuni kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani (ni bure, anaipata kwenye mtandao), W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka), barua ya kazi na payslipu za miezi ya hivi karibuni. Kama hafiki kiwango anaweza kupata sponsa wa pili, awe raia au mwenye grini kadi, mwenye miaka 18 na zaidi na anayeishi Marekani, na huyo anajaza I-864 yake mwenyewe na kuleta makaratasi yake mwenyewe ikiwemo uthibitisho wa hadhi yake. Hata hivyo mwenzako bado anajaza ya kwake, haikwepeki. Na kama mlipeleka makaratasi NVC (kituo cha Marekani kinachokusanya makaratasi ya viza kabla ya intavyuu) mwaka jana na intavyuu ni mwaka huu baada ya msimu wa kodi, nenda na kodi mpya pia.

Ada za NVC ni dola 325 kwa viza na dola 120 kwa I-864, zinalipwa kwa akaunti ya benki ya Marekani kwenye tovuti ya CEAC. Mtu yeyote anayekwambia umtumie hizo hela kwa M-Pesa akulipie "kwa haraka" ni mwizi.

Ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli

Wingi si hoja. Faili la picha mia tatu za siku moja ya harusi linaonyesha siku moja. Bora picha kumi na tano hivi zilizotawanyika miaka yote, nyuma ya kila picha umeandika tarehe, mahali, na nani ni nani: huyu mama mkwe, huyu shangazi, hapa tuko Malindi Desemba 2023. Ongeza mihuri ya paspoti na tiketi za safari alizokuja, risiti za kutumiana pesa, karatasi yoyote yenye majina yenu mawili kama bima, kodi ya nyumba au akaunti ya benki. Meseji za WhatsApp usiprinti zote, chukua kurasa chache kutoka miezi tofauti, za maongezi ya kawaida ya maisha: umelipa skuli fisi, mtoto ana homa, umeshuka kazini? Hizo zinaaminika kuliko mashairi ya mapenzi.

Na mkae chini kwenye simu mkumbushane historia yenu, si kukariri. Mlijuana vipi, nani aliwakutanisha, posa ilipelekwa lini na nani alienda, harusini kwa nini upande wake walikuja wawili tu, yeye anafanya kazi gani hasa na zamu gani, nyumba anayoishi ni na nani. Kama kuna kitu kinachoonekana cha ajabu, kama tofauti kubwa ya umri, dini tofauti, au mlioana mara ya kwanza mlipoonana, usikae ukiomba Mungu asiulize. Kuwa na jibu la kweli na la kawaida.

Daktari

Vipimo vinafanywa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi tu, hospitali yako ya kawaida haifai hata iwe kubwa vipi. Utaona majina kwenye maelekezo ya ubalozi wa Nairobi. Fanya kabla ya siku ya intavyuu, beba paspoti, barua ya apointmenti, picha na kadi zako zote za chanjo hata ile kuukuu ya utotoni. Miaka 15 na zaidi anapigwa eksirei ya kifua kwa ajili ya TB. Kama eksirei ina alama yoyote, hata ya ugonjwa uliopona zamani, watachukua makohozi na kuyaotesha, na hiyo inaweza kuchukua wiki nane, ndio maana nasema usikate tiketi ya ndege wala kuacha kazi. Kama uliwahi kutibiwa TB beba kadi ya matibabu. Na kwa wanaoogopa, HIV si kizuizi tena tangu Januari 2010, usifiche dawa zako kwa daktari. Vipimo kwa kawaida vinadumu miezi sita, na viza inafuata tarehe hiyo.

Siku yenyewe

Faili moja, lenye mifuko ya plastiki, usipige stepla kitu chochote cha orijino. Mbele kabisa: paspoti, barua ya apointmenti, ukurasa wa uthibitisho wa DS-260, picha mbili za inchi 2 kwa 2 bila miwani. Kisha orijino ya kila cheti ikiwa na kopi yake nyuma: kuzaliwa, ndoa, mwisho wa ndoa za nyuma, tabia njema. Kisha I-864 na mambo ya kodi. Mwisho ushahidi wa ndoa. Jisajili pia mtandaoni utakapopokelea paspoti, watu wanasahau hili kabisa.

Simu na laptopu acha nyumbani au na mtu wa nje. Dirishani utaapa na kupigwa alama za vidole. Unaweza kuomba Kiswahili, na usione haya, kuelewa swali vizuri ni bora kuliko kujibu Kiingereza cha kubahatisha. Toa karatasi unayoombwa tu, usimwage faili zima. Kama umegundua kosa kwenye DS-260, sema mwenyewe mwanzoni kabla hajakuuliza, wanarekebisha pale pale. Swali hulijui jibu, sema sijui.

Ukipewa karatasi ya 221(g) usilie barabarani. Inamaanisha kuna kitu kimepungua au wanataka muda wa kukagua, na karatasi yenyewe inaonyesha ni kipi. Soma kilichowekewa alama, peleka hicho hicho kwa njia waliyoandika, na una mwaka mmoja wa kukamilisha kabla kesi haijafungwa. Viza ikitoka, angalia herufi za jina na tarehe kabla ya kitu kingine, ukipewa bahasha iliyofungwa usiifungue, na lipa ada ya USCIS ya dola 235 kabla ya kusafiri ili grini kadi ianze kutengenezwa. Kama siku ya kuingia Marekani ndoa yenu haijafikisha miaka miwili utapewa kadi ya masharti ya miaka miwili, na ile fomu ya I-751 ya kuondoa masharti mnaipeleka ndani ya zile siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Kwa hiyo hilo faili la ushahidi usilitupe, endelea kuliongezea.